SOMO: KITUFE CHA "NUNUA SASA" KILIFIKISHWA MAHAKAMANI. WEWE MUUZAJI WA MTANDAONI KINAKUHUSU NINI?

Leo weka chai pembeni. Somo ni refu kidogo, ila ukilimaliza hutajutia bando lako.

Wiki haipiti bila kuletewa inboksi moja kati ya hizi mbili.

Ya kwanza: "Kaka, nimebuni kitu changu mwenyewe, nikakiposti. Mwezi haujaisha nakiona kwa wauzaji kumi, tena kwa bei ya chini. Nifanyeje?"

Ya pili: "Kaka, nilikuwa nauza kwenye soko la mtandaoni la nje. Ghafla tangazo langu limeshushwa, wanasema kuna mtu ana hataza. Hataza ndo nini? Na mzigo wangu nimpelekee nani?"

Ukiziangalia vizuri, hao ni watu wawili waliokaa pande mbili za meza moja. Wa kwanza anataka sheria iwe kali. Wa pili anaomba iwe laini. Na huo ndio ugomvi uliopo Marekani kwa zaidi ya miaka 20 sasa kuhusu mageuzi ya sheria ya hataza. Tunauangalia wa kule kwa sababu masoko makubwa ya mtandaoni kama Amazon, eBay na Etsy ni kampuni za kule, na sheria ya kule ndiyo inayoamua bidhaa gani ibaki na ipi ishushwe kwa wateja wa kule. Ukiuza huko, sheria hiyo inakugusa hata kama umekaa Mbagala au Kisauni.

Twende taratibu.

1. HATAZA NI NINI HASA?

Wengi wanachanganya vitu vitatu, kwa hiyo tuvitenganishe kwanza.

▪️ Jina la biashara yako na nembo yako: hiyo ni ALAMA YA BIASHARA.
▪️ Picha ulizopiga, maandishi, wimbo, mchoro: hiyo ni HAKIMILIKI.
▪️ Kitu kipya ulichovumbua, namna kinavyofanya kazi au kinavyotengenezwa: hapo ndipo inaingia HATAZA. Wengine wanaiita patenti.

Ili upewe hataza, kitu chako lazima kiwe kipya, kiwe na matumizi, na kisiwe jambo ambalo fundi yeyote wa fani hiyo angelifikiria tu bila kuumiza kichwa. Ukipewa, kwa kawaida inadumu miaka 20 tangu siku uliyopeleka maombi. Na wewe kwa upande wako unatoa kitu: unaandika wazi kitu chako kinafanyaje kazi, kila mtu asome. Miaka ikiisha, yeyote anaruhusiwa kukitengeneza. Ni makubaliano kati yako na jamii.

Sasa sikia jambo ambalo watu wengi hawalijui: hataza haikupi ruhusa ya kuuza. Inakupa haki ya KUZUIA.

Mfano. Jirani yako ana hataza ya jiko la mkaa lenye feni. Wewe ukabuni mfuniko wa jiko hilo unaopunguza moshi, ukapata hataza yako. Je, unaweza kuuza jiko la feni lenye mfuniko wako? Hapana, mpaka akuruhusu. Na yeye anaweza kuuza jiko lake na mfuniko wako? Hapana, mpaka umruhusu wewe. Kila mmoja ana funguo ya mlango wake. Ndiyo maana watu wanakaa mezani, wanapeana leseni na kulipana mrabaha.

Jambo la pili: hataza ina mipaka ya nchi. Hataza ya Marekani peke yake haimzuii mtu kuuza Kariakoo. Lakini siku unapomtumia mzigo mteja wa Atlanta, umeingiza bidhaa Marekani, na kuingiza tu kunatosha kuwa kosa. Kusema "sikujua" hakukutoi kwenye kosa hilo.

2. KESI YA KITUFE

Mwanzoni, eBay ilikuwa soko la mnada. Baadaye wakaweka kitufe cha kununua kwa bei iliyopangwa bila kusubiri mnada uishe. Kampuni ndogo iitwayo MercExchange ikasema: mfumo huo unaingilia hataza zetu. Mwaka 2001 ikaenda mahakamani, jimbo la Virginia.

Mwaka 2003 jopo la raia waliosikiliza kesi likasema ni kweli, eBay imeingilia. Fidia ikapangwa mamilioni ya dola. Lakini MercExchange walitaka zaidi ya fidia. Walitaka zuio: amri ya mahakama kwamba eBay waache kabisa.

Hapo ndo penyewe. Kabla ya hapo, mahakama ya rufaa inayoshughulikia kesi za hataza Marekani ilikuwa na kanuni ya jumla: ukishashinda kesi ya hataza, zuio unapewa karibu moja kwa moja. Kama haki yako ni ya kuzuia, basi mahakama izuie. Inaeleweka, si ndiyo?

Tarehe 15 Mei 2006 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema hapana. Majaji wote kwa kauli moja wakasema zuio halitoki lenyewe. Mwenye hataza lazima aonyeshe mambo manne:

1. Ameumia kiasi ambacho hakirekebishiki.
2. Pesa peke yake haitoshi kumfidia.
3. Ukipima maumivu ya pande zote mbili, zuio ni haki.
4. Maslahi ya umma hayataumia.

Jaji Kennedy, akiungwa mkono na wenzake watatu, akaongeza neno lake: kuna kampuni siku hizi hazitengenezi wala haziuzi kitu, kazi yake ni kushika hataza na kudai ada, na kwao tishio la zuio ni fimbo ya kudai pesa nyingi kupita kiasi. Upande wa pili, Jaji Mkuu Roberts na wawili wengine walikumbusha kwamba kwa miaka mingi wenye hataza wakishinda wamekuwa wakipewa zuio mara nyingi, na historia hiyo isipuuzwe.

Mwaka 2008 eBay ikanunua hataza zile, ugomvi ukaisha. Kanuni ikabaki, na mpaka leo ndiyo inayopigiwa kelele.

3. KWA NINI WATU WALITAKA MAGEUZI: WAVIZIA

Kuna mtu anapanda mwembe, na kuna mtu anakaa njiani kutoza ushuru kila apitaye na embe. Huyo wa pili ndiye naita mviziaji wa hataza. Anazinunua, mara nyingi kutoka kampuni zilizokufa, kisha anatafuta wa kumdai.

Mfano unaotugusa sisi: KIKAPU CHA MANUNUZI. Ndiyo, kile kikapu unachobonyeza kuweka bidhaa kabla ya kulipa. Kampuni iitwayo Soverain ilikuwa na hataza za miaka ya 1990 kuhusu mfumo huo, ikawa inawadai wenye maduka ya mtandaoni. Mwaka 2005 Amazon ililipa dola milioni 40 kumaliza shauri. Wengi wanalipa hivyo, maana kesi yenyewe inaweza kugharimu kuliko ada inayodaiwa.

Duka la Newegg likagoma kulipa. Likashindwa kwanza: mwaka 2010 jopo la raia huko Texas likaipa Soverain dola milioni 2.5. Newegg wakakata rufaa. Januari 2013 mahakama ya rufaa ikasema madai yale yalikuwa jambo dhahiri, kwa sababu miaka ya 1980 tayari kulikuwa na duka la CompuServe lililowawezesha watu kununua kwa kompyuta. Hataza ikaanguka. Lakini fikiria: ni wangapi walikuwa wameshalipa kabla mmoja hajapata nguvu ya kubisha?

Mfano wa pili ni wa watu wadogo kabisa. Kampuni ya MPHJ, kupitia kampuni nyingine zenye majina ya ajabu ajabu, ilipeleka barua kwa biashara ndogo zaidi ya 16,000. Kosa lao? Kuskani karatasi na kuituma kwa barua pepe. Ilidai dola 1,000 hadi 1,200 kwa kila mfanyakazi, na kutishia kushtaki, ilhali maandalizi ya kushtaki hayakuwepo. Mwaka 2014 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ikafikia makubaliano nayo, ikiikataza kutumia madai ya uongo kwenye barua kama hizo. Jimbo la Vermont lilikuwa la kwanza, mwaka 2013, kutunga sheria dhidi ya barua za vitisho vya hataza zisizo na nia njema.

Ukisoma haya unasema: sheria ilegezwe tu! Subiri kidogo.

4. MAGEUZI YA 2011

Tarehe 16 Septemba 2011 Rais Obama alisaini sheria kubwa ya mageuzi, America Invents Act. Kumbuka mambo matatu:

✅ Aliyewahi kupeleka ndiye mwenye haki. Zamani Marekani waliangalia nani alivumbua kwanza. Tangu 16 Machi 2013 wanaangalia nani alipeleka maombi kwanza, kama nchi nyingi duniani zilivyokuwa zikifanya.

✅ Njia fupi ya kupinga hataza. Badala ya mahakamani tu, unaweza kwenda Ofisi ya Hataza yenyewe kwenye bodi ya majaji wake, ukasema: hii hamkupaswa kuitoa, tazameni, kuna hataza na machapisho ya zamani yalishasema kitu hichohicho. Bodi ikikubali kusikiliza, kwa kawaida inaamua ndani ya mwaka mmoja. Na kiwango cha ushahidi ni chepesi kuliko cha mahakamani.

✅ Huwezi kukusanya watu ovyo kwenye kesi moja. Wavizia walikuwa wanashtaki kampuni kumi au ishirini kwa pamoja zisizo na uhusiano wowote. Hilo likabanwa.

Baada ya hapo ukaja muswada mwingine, Innovation Act, uliotaka anayeshtaki aeleze wazi tangu mwanzo ameingiliwaje, na anayeshindwa mara nyingine amlipe mwenzake gharama za mawakili. Desemba 2013 ulipita Baraza la Wawakilishi kwa kura 325 dhidi ya 91. Mwaka 2014 ukakwama Seneti.

5. SASA GEUKA UKAE UPANDE WA PILI WA MEZA

Kuna baba mmoja wa Texas mwenye watoto wanane, Josh Malone. Ukiwa na watoto wanane na unataka kuchezea maputo ya maji, kujaza tu kunakumaliza. Akavumbua kifaa cha kufunga kwenye mpira wa bomba, kikajaza maputo mengi kwa mkupuo na kuyafunga chenyewe. Alipeleka maombi ya hataza, kisha 2014 akakiweka kwenye mtandao wa kuchangisha wanunuzi wa awali. Oda zikamiminika.

Mwaka huohuo haujaisha, Telebrands, kampuni kubwa ya kuuza bidhaa kupitia matangazo ya televisheni, ikatoa kifaa chake kinachofanana. Malone na washirika wake wakaenda mahakamani. Telebrands wakatumia ile njia ya 2011: wakaenda kwenye bodi ya Ofisi ya Hataza kupinga. Na bodi ikaifuta hataza yake ya kwanza! Yaani ofisi iliyompa ndiyo iliyomnyang'anya, wakati mahakama ilikuwa inaelekea upande wake. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ikatengua uamuzi huo wa bodi. Kwenye hataza nyingine, jopo la raia mwaka 2017 lilishampa zaidi ya dola milioni 12. Mwaka 2019 shauri likamalizwa kwa Telebrands kukubali kulipa dola milioni 31.

Alishinda. Lakini ilichukua miaka, na mawakili wanalipwa kila mwezi wakati kesi haijaisha. Alikuwa na washirika wenye mtaji. Wewe mwenye mtaji wa laki tano ungefika mwisho?

Hapo ndipo wavumbuzi wanapolia: kampuni kubwa zinapiga hesabu. Zikikopi, kesi itachukua miaka. Zikishindwa, zitalipa ada ambayo pengine zingelipa tu. Zuio halipo la uhakika tangu 2006. Kwa nini ziombe ruhusa?

Mwaka 2018 likaja pigo lingine. Kwenye kesi ya Oil States, Mahakama ya Juu iliamua kwa majaji saba dhidi ya wawili kwamba hataza ni haki ya umma inayotolewa na serikali, hivyo ofisi ya serikali inaweza kuipitia upya na kuifuta bila jopo la raia. Kwa lugha ya mtaani: wenye hataza walidhani wana kiwanja chenye hati, wakaambiwa walichonacho kiko karibu zaidi na kibali. Kibali kina thamani, ila aliyekitoa anaweza kukiita mezani tena.

6. MISWADA MITATU ILIYO MEZANI

Kutokana na vilio hivyo, Marekani kuna miswada mitatu inayotaka kurudisha nguvu kwa wenye hataza. Ishike kichwani, utaisikia.

📌 RESTORE. Uliwasilishwa 2024, ukarudishwa 2025. Unasema: mwenye hataza akishashinda kesi, mahakama ianze kwa kuchukulia kwamba anastahili zuio. Anayetaka lisitolewe, yeye ndiye athibitishe. Yaani mzigo wa kuthibitisha unahama bega.

📌 PREVAIL. Uliwasilishwa 2023, ukarudi 2025. Unataka anayepinga hataza kwenye ile bodi awe ameshtakiwa au kutishiwa kushtakiwa, ushahidi wake uwe mzito kama wa mahakamani, na asirudie hoja zilezile bodi na mahakamani. Achague uwanja mmoja.

📌 PERA. Huu nao 2023 na 2025. Unahusu kipi kinaweza kupewa hataza. Mwaka 2014, kesi ya Alice, Mahakama ya Juu ilisema wazo la kawaida la biashara haligeuki uvumbuzi kwa kuwekwa tu kwenye kompyuta. Hataza nyingi za programu zikaanguka. PERA unataka kupanua mlango huo tena, ingawa bado unakataa jambo la kibiashara linaloweza kufanyika bila mashine.

Wanaounga mkono wanasema: bila haya, mvumbuzi mdogo ni chakula cha mkubwa. Wanaopinga, ikiwemo sehemu kubwa ya kampuni za teknolojia, wanasema: mtawarudisha wavizia na barua zao.

Mimi nina maoni yangu, na unaruhusiwa kuyakataa. Pande zote mbili zinasema kweli, kwa sababu fimbo ni ileile. Aliye na kitu kipya kweli anaihitaji. Asiye na kitu anaitumia kuibia watu. Kwa hiyo swali la kuuliza kila muswada ni hili: unamsaidia mdogo kufika mwisho wa kesi, au unamwongezea nguvu aliyekuwa na uwezo wa kufika tayari? Haki ambayo kuidai kunagharimu kuliko duka lako, hiyo ni haki ya kwenye karatasi.

7. JAMBO AMBALO HALISEMWI SANA

Tazama tena kesi ya eBay. Mkubwa akishtakiwa, anapata mambo manne ya kujitetea asizuiwe. Majaji wanapima, mawakili wanabishana, miaka inapita, kitufe kinaendelea kufanya kazi.

Wewe muuzaji mdogo je? Zuio lako halipiti kwa jaji. Linakuja kwa barua pepe: "Tangazo lako limeondolewa." Soko la mtandaoni linashusha kwanza. Kwako wewe, lile zuio la papo kwa papo la kabla ya 2006 halijawahi kuondoka.

Amazon ina utaratibu wake, APEX. Mwenye hataza analalamika, muuzaji anapewa wiki tatu kujibu. Asipojibu, bidhaa inashushwa. Akitaka kubisha, kila upande unaweka dola 4,000, mtaalamu anaangalia, anayeshinda anarudishiwa zake. Ni nafuu sana ukilinganisha na mahakama. Lakini piga hesabu: kama faida yako kwa bidhaa hiyo ni dola 600 kwa mwezi, utaziweka 4,000 mezani? Wengi wanakaa kimya, na kimya kinahesabiwa kushindwa.

Kwa hiyo usisubiri miswada ikuokoe. Jipange.

8. JIPANGE HIVI

Kama wewe ni MUUZAJI wa bidhaa za wengine:

1️⃣ Kabla ya kuagiza mzigo wa kuuza nje, tafuta. Google Patents ni bure. Andika kwa Kiingereza kitu hicho kinafanya nini, siyo jina lake la sokoni tu.

2️⃣ Ukikuta hataza, usiangalie mchoro peke yake. Nenda sehemu ya MADAI mwishoni. Mipaka ya haki iko hapo. Ili uwe umeingilia, bidhaa yako lazima iwe na kila kipengele cha dai moja. Kikikosekana kimoja, una hoja. Ila hataza za muundo wa nje wa bidhaa ni tofauti: hapo mchoro ndio kila kitu.

3️⃣ Angalia kama bado iko hai. Marekani mwenye hataza ya uvumbuzi lazima alipe ada za kuitunza mara tatu: kwenye miaka 3.5, 7.5 na 11.5 tangu kupewa. Asipolipa, inakufa.

4️⃣ Muulize msambazaji wako kwa maandishi: una ruhusa ya kutengeneza hii? Akikujibu "usijali rafiki, watu wengi wanauza," hilo siyo jibu. Watu wengi kuuza siyo ruhusa.

5️⃣ Ukipata barua ya madai, usilipe kwa hofu na usinyamaze. Hakikisha kwanza imetoka kweli, soma namba ya hataza, tafuta mwenyewe, andika tarehe ya mwisho ya kujibu kwenye kalenda. Kisha tafuta mwanasheria wa mali bunifu, hata kwa saa moja.

6️⃣ Usiweke mtaji wote kwenye bidhaa moja kwenye soko moja. Tangazo likishushwa, na kodi ya fremu inakungoja palepale.

Kama wewe ni MBUNIFU:

1️⃣ USIPOSTI KABLA YA KUPELEKA MAOMBI. Rudia sentensi hii. Hataza inataka kitu kipya. Ukishakionyesha laivu, wewe mwenyewe umeshakizeesha. Marekani wanakupa mwaka mmoja tangu ulipokitangaza. Nchi nyingi za Ulaya kwa kawaida hazikupi hata siku moja. Kila nchi ina yake, kwa hiyo uliza kwanza, posti baadaye.

2️⃣ Fundi anayekuchomelea mfano wa kwanza, asaini karatasi ya kutunza siri. Hata kama ni shemeji yako.

3️⃣ Ukiboresha kitu kidogo, uliza kuhusu cheti cha mfano wa matumizi. Kiko Kenya na kiko Tanzania, masharti yake ni mepesi kuliko ya hataza. Cha Kenya kinadumu miaka 10.

4️⃣ Pa kwenda: Tanzania Bara ni BRELA. Zanzibar ni BPRA, ni ofisi tofauti na sheria tofauti. Kenya ni KIPI. Uganda ni URSB. Ukitaka kulinda nchi kadhaa za Afrika kwa maombi mamoja, kuna ARIPO yenye makao Harare, kupitia Itifaki ya Harare ya 1982.

5️⃣ Piga hesabu ya uhai wa bidhaa. Kama ni kitu cha msimu, hataza inaweza kutoka wakati msimu umeshapita. Hapo bora usajili alama ya biashara, wateja wakujue kwa jina, na uwe wa kwanza kutoa toleo jipya. Anayekopi kila siku yuko nyuma yako hatua moja.

KUMALIZIA

Wale watu wawili wa inboksi niliwajibu hivi.

Wa kwanza nilimuuliza: ulipeleka maombi kabla ya kuposti? Hakupeleka. Nikamwambia ukweli, ingawa ni mchungu: kwa bidhaa hiyo, usiweke matumaini kwenye hataza. Weka jina lako, sajili alama, na bidhaa yako ya pili isiione kamera mpaka karatasi zimepokelewa.

Wa pili nilimuuliza: wamekupa siku ngapi za kujibu? Zilikuwa zimebaki tano. Nikamwambia funga inboksi yangu, fungua ile hataza, soma madai moja baada ya jingine ukiwa umeshika bidhaa mkononi. Halafu mtafute mwanasheria kesho asubuhi.

Mimi si mwanasheria, ni mfanyabiashara kama wewe anayesoma kabla ya kuagiza mzigo. Ukiwa na shauri la kweli, nenda kwa mwenye fani.

Sasa niambie kwenye komenti: wewe umekaa upande gani wa meza? Umewahi kukopiwa, au umewahi kushushiwa tangazo? Hifadhi somo hili, na mtumie yule rafiki yako anayejiandaa kuposti kitu chake kipya leo usiku. Mwambie asubiri kwanza. 🙏